Somo la Ushirika: Alasiri ya Wageni katika Kiwanda cha Mvinyo cha Wanachama

Katika mikutano ya vyama vya msingi huulizwa mara kwa mara ni kwa njia gani chama kinaweza kupata fedha wakati ambapo msimu wa mazao umekwisha na mizani imefunikwa. Majibu yanayotolewa huwa ni yale yale: duka la chama, mashine ya kusaga, au lori la kukodisha. Somo hili linaeleza njia nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni ya chama kumfungulia mgeni mlango ili aje pamoja na jamaa yake, wazee na watoto, akae alasiri nzima mahali ambapo mazao ya wanachama hutengenezwa, aone, aonje, anunue, kisha arudi kwake akiwa amepumzika.

Mfano unatoka mbali, katika bonde la mto Ahr nchini Ujerumani. Huko, katika kijiji kiitwacho Mayschoss, wakulima wa zabibu 18 waliunda chama chao tarehe 20 Desemba 1868. Chama hicho huhesabiwa kuwa ndicho cha zamani kuliko vyote vya wakulima wa mvinyo ambavyo bado viko hai duniani. Wako wanachama wengi wa vyama vya hapa ambao kwa sababu ya dini au kwa hiari yao hawaonji kileo chochote. Hao nao wasilipite somo hili, kwani hesabu zake zinahusu vile vile kahawa, asali, chai na kila zao ambalo mgeni aweza kulionja kabla ya kulinunua.

BONDE NA WATU WAKE

Mto Ahr ni mdogo. Chemchemi yake iko Blankenheim, ndani ya chumba cha chini cha nyumba ya kale ya miti na udongo, na kutoka hapo maji huteremka mwendo wa kilomita 85 hivi mpaka kuingia mto Rhine. Sehemu ya chini ya bonde imebanwa na milima yenye miteremko mikali ya mawe meusi yanayopasuka mabamba mabamba. Nchi hiyo iko kaskazini sana kwa mzabibu, mmea upendao jua; lakini mawe hayo hunywa joto la mchana na kulitoa usiku, na miteremko inayotazama kusini hupata jua kwa saa nyingi. Ndiyo maana zabibu nyeusi hustawi mahali ambapo mtu angetazamia kuona viazi na ngano tu. Mashamba yote ya bonde hilo hayazidi sana hekta 550, na sehemu kubwa ya zabibu zake ni za mvinyo mwekundu.

Mteremko mkali una gharama yake. Trekta haiwezi kupanda kila mahali, kwa hiyo kupogoa, kufunga matawi na kuchuma hufanywa kwa mkono, na kuta za mawe zinazoshikilia udongo hutengenezwa upya kila zinapobomoka. Mkulima mwenye kipande kidogo hutumia jasho jingi kwa mavuno machache. Kama akiuza zabibu zake kwa bei ya zabibu za nchi tambarare, basi ameuza kwa hasara.

Hayo ndiyo yaliyowakabili wakulima wa Mayschoss katika miaka ya 1860. Zabibu hazingoji. Zikishachumwa, zisipokamuliwa upesi huharibika, na mvinyo mchanga nao huhitaji mapipa, nafasi yenye ubaridi na mtu wa kuutazama kwa miezi mingi. Mkulima asiye na vitu hivyo alilazimika kumkubali mfanyabiashara wa kwanza aliyebisha hodi, na mfanyabiashara alijua vizuri kwamba hakuna wa pili nyuma yake. Mkulima wa Dodoma aliyewahi kukaa na kreti za zabibu pembeni mwa barabara akingoja gari la mnunuzi hahitaji kuelezwa zaidi.

Njia waliyoichagua ilikuwa kuleta zabibu zote mahali pamoja, kuzikamua pamoja, kuuhifadhi mvinyo pamoja na kuuuza kwa jina moja. Wazo la ushirika lilikuwa limekwisha kusikika katika sehemu zile. Ng'ambo ya Rhine, si mbali sana na bonde hilo, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa ameunda chama cha kukopeshana huko Heddesdorf mwaka 1864. Sheria ya vyama ya tarehe 4 Julai 1868, iliyotumika katika Shirikisho la Ujerumani ya Kaskazini, ilikuwa imekwisha kutolewa miezi michache tu kabla ya mkutano wa Mayschoss.

Katibu azingatie jambo moja katika sheria ile. Dhamana ya wanachama haikuwa na kikomo. Chama kilichosajiliwa kwa sheria hiyo kikishindwa kulipa madeni, mdai aliweza kufuata mali ya mwanachama yeyote: nyumba, ng'ombe na shamba. Ni sheria ya tarehe 1 Mei 1889 iliyoruhusu dhamana yenye kikomo, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyolazimisha ukaguzi wa hesabu wa mara kwa mara. Watu waliofungua chama katika hali ya kwanza hawakuhitaji kuhimizwa wahudhurie mkutano mkuu. Walihudhuria kwa sababu hesabu mbaya ingewafukuza katika nyumba zao. Hapa hisa ya mwanachama ndiyo kikomo cha hasara yake, na hilo ni jema. Lakini huenda ndilo linalofanya wengi waone hesabu ya mwaka kuwa ni kazi ya katibu na mkaguzi peke yao.

ZABIBU HULIPWA KWA UTAMU

Kabla ya kumfikia mgeni ni lazima kupita mizanini, kwa kuwa mgeni ataonja kile kilichopokelewa pale.

Vyama vya wakulima wa mvinyo nchini Ujerumani hudai kwa kawaida kwamba mwanachama alete zabibu zake zote chamani. Hawezi kuwauzia wengine zilizo nzuri, kisha akaleta chamani zilizobaki. Na zinapofika hazipimwi uzito tu. Maji yake hupimwa utamu kwa kipimo kinachoitwa kwa jina la Ferdinand Oechsle, fundi wa mji wa Pforzheim aliyeishi katika karne ya 19. Kipimo chenyewe ni chepesi kukielewa. Lita moja ya maji matupu ina uzito wa gramu 1,000. Lita ya maji ya zabibu huwa nzito zaidi kwa sababu ya sukari iliyomo. Ikiwa na gramu 1,080, husemwa kuwa zabibu hizo zina digrii 80. Kipimo cha kioo huelea ndani ya maji hayo na namba husomwa mbele ya mwanachama mwenyewe.

Ichukuliwe hesabu ya mfano. Mwanachama wa kwanza ameleta kilo 1,000 zenye digrii 70. Wa pili ameleta kilo 900 zenye digrii 84, kwa kuwa alipunguza vichala mapema na kungoja ziive. Fedha ya kugawa ni Sh. 1,456,000. Chama kikilipa kwa uzito peke yake, kila kilo itapata Sh. 766 na senti kadhaa: wa kwanza atapokea Sh. 766,316 na wa pili Sh. 689,684. Lakini chama kikizidisha kilo kwa digrii, wa kwanza ana pointi 70,000 na wa pili 75,600, jumla 145,600, na kila pointi ni Sh. 10. Hapo wa kwanza atapokea Sh. 700,000 na wa pili Sh. 756,000.

Fedha ni ile ile na zabibu ni zile zile. Katika njia ya kwanza mkulima mwangalifu amemlipa mwenzake Sh. 66,316 bila kuombwa. Mwaka unaofuata hatapunguza vichala tena, na hakuna mkutano wa elimu utakaomshawishi. Baada ya miaka mitatu chama kitakuwa na kilo nyingi za maji maji, na mgeni atakayeonja atauliza kama kuna soda.

ALASIRI YENYEWE

Bonde la Ahr liko karibu na miji mikubwa ya Bonn na Köln. Watu wa miji hiyo wamekuwa na desturi ya kwenda huko siku za mapumziko kwa vizazi vingi. Mwaka 1972 ilifunguliwa njia ya miguu iitwayo njia ya mvinyo mwekundu, inayokatiza katikati ya mizabibu juu ya bonde kwa urefu wa kilomita 35 hivi, kutoka Bad Bodendorf mpaka Altenahr. Ni wachache wanaoitembea yote. Jamaa wenye watoto hupanda kipande kimoja, hukaa juu ya ukuta wa mawe kula mkate, hutazama mto kule chini, kisha huteremka kijijini na kufikia mlango wa chama.

Jambo la kujifunza hapo ni kwamba chama hakikulazimika kujenga kila kitu ili kumfurahisha mgeni. Mandhari ni shamba lenyewe, lile lile ambalo mwanachama hulipalilia kwa jasho. Chama huongeza vitu vichache: viti vyenye kivuli, maji ya kunywa, choo safi, mahali pa watoto, na mtu mmoja anayejua kueleza. Kwa miaka mingi wageni wa Mayschoss walishushwa katika ghala la chini ya ardhi, lenye dari ya matao na mapipa makubwa ya mti, wakaonyeshwa jinsi mvinyo ulivyolazwa zamani. Mtoto wa mjini ambaye hajapata kuona pipa kubwa kupita kimo cha baba yake huikumbuka siku hiyo.

Watoto hupewa maji ya zabibu yasiyochachushwa. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama jamaa itakaa nusu saa au alasiri nzima. Mtoto aliyepewa bilauri yake, ya kioo kama ya mama yake, hutulia. Aliyeachwa bila kitu huvuta nguo ya mama mpaka waondoke. Aidha maji hayo ya zabibu ni zao la chama, na huuzwa kwa chupa kama mvinyo. Bibi mzee ambaye daktari amemkataza kileo, dereva atakayewarudisha wengine nyumbani, na mtu ambaye imani yake haimruhusu, wote hupata cha kunywa kutoka katika mzabibu ule ule. Kiwanda chenye mvinyo tu kimewafungia mlango nusu ya watu wa nyumba.

Katika majira ya kuchuma, yaani Septemba na Oktoba, huuzwa pia kinywaji cha muda mfupi kiitwacho Federweisser. Ni maji ya zabibu ambayo yameanza tu kuchacha, meupe kwa hamira, na huliwa pamoja na mkate wa vitunguu uliookwa. Chupa zake hazikazwi kifuniko kwa kuwa hewa inazidi kutoka ndani. Lazima zisimamishwe wima hata garini. Karani mwenye bidii ya kupita kiasi, akizikaza vizuri na kuzilaza katika sanduku, atapata kelele kubwa ghalani kabla ya jioni.

Iko desturi nyingine ambayo chama lazima kiiangalie kwa makini. Sheria ya Ujerumani humruhusu mkulima wa zabibu kufungua baraza lake nyumbani kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka na viti visivyozidi 40, auze mvinyo aliotengeneza mwenyewe pamoja na vyakula vyepesi, bila leseni ya hoteli. Hutundika tawi au shada mlangoni ili wapita njia wajue. Desturi hii hupendwa sana na jamaa zinazotembea. Lakini mvinyo unaouzwa pale lazima utokane na zabibu za mwenye nyumba. Mwanachama aliyejifunga kuleta zabibu zote chamani hana zabibu za kutengenezea mvinyo wa barazani. Akionekana ametundika tawi, kuna kilo zilizopotea njiani. Vyama vya kahawa na korosho hapa vinaifahamu habari hiyo kwa jina jingine.

HESABU YA CHUPA ZILIZOFUNGULIWA

Sasa ni zamu ya katibu. Kupokea wageni ni kazi njema inayoweza kukifilisi chama polepole bila mtu yeyote kuiba kwa makusudi. Uvujaji huanzia katika chupa zilizofunguliwa.

Mfano: wamefika watu wazima 24, na kila mmoja ameahidiwa kuonja aina nne za mvinyo, mililita 50 kila aina. Chupa ya kawaida ina mililita 750, kwa hiyo hutoa maonjo 15. Maonjo yote ni 96. Katibu mwepesi wa hesabu hugawa 96 kwa 15, hupata 6.4, huandika chupa saba, naye hukosea. Kila aina inahitaji maonjo 24, yaani chupa moja nzima na sehemu ya chupa ya pili. Aina nne zitafunguliwa chupa nane. Mvinyo ulionyweka ni lita 4.8, uliofunguliwa ni lita 6. Lita 1.2 zimebaki mezani katika chupa nne zisizojaa.

Lita hizo zinakwenda wapi? Kwa kawaida wajumbe wa kamati huwa karibu. Mvinyo uliofunguliwa hauuziki kesho kutwa, husema, na kuumwaga ni dhambi. Yote mawili ni kweli. Lakini wageni wakija mara mbili kwa juma kwa miezi sita, yaani mara 52, lita 62 na zaidi zitakuwa zimekwenda, ambazo ni zaidi ya chupa 80, na jina lake halimo katika daftari lolote. Dawa yake ni kuandika chupa zilizofunguliwa siku ile ile katika daftari la stoo, kama matumizi ya kuonjesha, kwa bei ya gharama, na kuweka sahihi mbili. Dawa nyingine ni kupanga makundi. Wageni 30 badala ya 24 watamaliza chupa nane bila kubakisha kitu.

Gharama hizo zisichanganywe na gharama za kiwanda. Uwepo ukurasa wake: upande mmoja ada ya kuonja, mauzo ya chupa yaliyofanywa mlangoni, mauzo ya maji ya zabibu na mkate; upande mwingine chupa zilizofunguliwa, bilauri zilizovunjika, posho ya mwongozaji, sabuni, na mshahara wa anayesafisha choo. Kurasa zikiwa mbili, mkutano mkuu utaona kama wageni wanaleta ziada au wanakula ziada ya zabibu. Kurasa zikichanganywa, kila mwaka atatokea msemaji wa kusifu wageni na msemaji wa kuwalaumu, na wote wawili watakuwa wanasema bila ushahidi.

Kuna faida moja isiyoonekana upesi katika ukurasa huo. Chupa iliyouzwa mlangoni haimlipi dalali, wala mwenye lori, wala duka la mjini. Ile ile ikiuzwa kwa jumla hupoteza sehemu ya bei yake kila inapopita katika mikono ya watu. Na mgeni aliyeketi, akasikia habari za mteremko na kuta za mawe, huelewa kwa nini bei iko vile. Hataki kupunguziwa kama anavyotaka mnunuzi wa jumla. Kwa mashamba ya miteremko, ambayo gharama yake haishuki, mgeni wa namna hiyo ni mlinzi wa bei.

Kiasi nacho kina sehemu yake. Maonjo manne ya mililita 50 ni mililita 200, na mvinyo huwa na kileo cha asilimia 12 au 13. Si kidogo kwa mtu mwenye njaa aliyetembea juani. Kwa hiyo mkate huwekwa mezani kabla ya bilauri, maji hayakosekani, na chombo cha kutemea huwekwa bila kuonewa haya, kwani waonjaji wa kazi hutema. Mgeni aliyelewa si mgeni wa jamaa. Akitukana mara moja mbele ya watoto, nyumba tano hazirudi.

USIKU WA TAREHE 14 JULAI 2021

Haifai kueleza uzuri wa bonde hilo na kunyamaza juu ya yaliyolipata. Mto ule mdogo una historia ya ghadhabu. Mwaka 1804 na tena mwaka 1910 ulifurika na kuua watu wengi. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021, baada ya mvua kubwa mno, maji yalipanda kupita kumbukumbu ya waliokuwa hai. Katika bonde la Ahr walikufa watu zaidi ya 130. Madaraja yalivunjika, reli ikang'olewa, na vijiji, Mayschoss ikiwa miongoni mwao, vikakatika na ulimwengu wa nje. Maji yaliingia katika viwanda na maghala ya mvinyo bondeni kote, yakachukua mapipa na mashine, na kufunika chupa kwa matope yenye harufu ya mafuta.

Mashamba mengi, kwa kuwa yako juu ya miteremko, yalisalimika. Hali ikawa ya ajabu na ya kutisha: zabibu zilikuwa zinaiva juu, na chini hapakuwa na kitu cha kuzikamulia. Miezi miwili tu ilibaki kabla ya kuchuma. Msaada ulitoka kwa wakulima wa zabibu wa sehemu nyingine za Ujerumani, walioleta mashine, mapipa na mikono yao wenyewe. Hao ni washindani katika soko lile lile. Wangeweza kukaa kimya na kuuza zaidi mwaka ule.

Ndipo wakulima wa bonde walipofanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha biashara. Chupa zilizofukuliwa katika matope hazikuoshwa. Ziliuzwa kama zilivyo, na tope lake, kwa jina la mvinyo wa mafuriko, na watu wakazinunua kwa bei ya msaada. Makumi ya maelfu ya chupa yalikwenda, na fedha iliyopatikana ilizidi yuro milioni nne. Ni dhahiri kwamba wanunuzi hawakuhitaji mvinyo kiasi hicho. Wengi walikuwa watu waliowahi kuketi katika bonde lile alasiri moja, pengine wakiwa watoto wenye bilauri ya maji ya zabibu.

Chama cha Mayschoss hakikuvunjika. Kilikuwa na mamia ya wanachama, wengi wao wakilima baada ya saa za kazi nyingine. Mkulima aliye peke yake, nyumba yake ikiwa imejaa tope, angekuwa na sababu ya haki ya kuacha mizabibu na kuhamia mjini.

DODOMA NA KWINGINE

Mizabibu ya Dodoma haina umri wa ile ya Ahr. Wamisionari wa Bihawana walikuwa miongoni mwa walioianzisha katika miaka ya 1950, na baadaye zao likaenea Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na vijiji vingine. Jua la Dodoma huwapa wakulima kitu ambacho watu wa Mayschoss hawawezi hata kukiota, nacho ni mavuno mawili kwa mwaka. Shida yao, hata hivyo, imekuwa ile ile ya mwaka 1868: zao lisilongoja, na wanunuzi wachache. Ndiyo maana juhudi za wakulima kukamua zabibu wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu badala ya zabibu mbichi zina maana kubwa. Mchuzi uliohifadhiwa vizuri katika matangi humpa mkulima muda wa kubishana bei.

Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia mwaka 2016, mji ulipata watumishi wengi wenye jamaa, ambao Jumamosi alasiri hawana mahali pengi pa kuwapeleka watoto. Mashamba ya mizabibu hayako mbali na mji. Chama kitakachotaka kujaribu hakihitaji kuanza na jengo. Chaweza kuanza na mti mmoja wenye kivuli, mabenchi, maji ya zabibu baridi kwa watoto, na mwanachama mmoja mwenye ulimi mzuri wa kueleza jinsi mzabibu unavyopogolewa. Kileo kisiuzwe kabla ya leseni kupatikana, na Afisa Ushirika aonyeshwe mpango kabla ya shilingi ya kwanza kutumika. Mkaguzi naye akute ukurasa wa wageni ukiwa tayari umeanzishwa, asije akaubuni yeye.

Kwa vyama vya kahawa jambo hili si geni kabisa. KNCU, iliyosajiliwa mwaka 1933, iliwahi kuendesha mradi wa Kahawa Shamba, ambao wageni walipelekwa katika mashamba ya wanachama mlimani Kilimanjaro, wakaonyeshwa mibuni, wakatwanga na kukaanga kahawa, na kuinywa pale pale pamoja na wenyeji.

MASWALI YA KIKUNDI

Makatibu wasome somo hili pamoja na wanachama, kisha kikundi kijadili yafuatayo na kuandika majibu katika daftari la mikutano. Je, masharti ya chama chenu yanamlipa mwenye zao bora zaidi ya mwenye zao baya, na kama sivyo, ni nani anayelipa tofauti hiyo? Wageni wakifika Jumamosi ijayo, wataketi wapi, na watoto wao watapewa nini? Kama wageni ni 36, na kila mmoja ataonja aina tatu kwa mililita 50, zitafunguliwa chupa ngapi, kitabaki kiasi gani, na nani atatia sahihi?

Majibu ya swali la mwisho: chupa tisa, mililita 1,350. Sahihi ni kazi ya kikundi kuamua.